Korosho za Nauli ya Newala

Moshi wa maganda ya korosho haufanani na moshi mwingine wowote. Ni mzito, una uchungu, hushuka kooni ukakaa humo hadi kesho yake. Mwezi uliopita jirani yangu hapa Morogoro aliletewa kiroba cha korosho kutoka kusini, akaamua kuzichoma mwenyewe uani. Wanangu walikimbilia ndani wakikohoa na kulalamika. Mimi nilitoka nje, nikasimama palepale moshi ulipokuwa unaelekea, mpaka jirani akaniuliza, "Mama Rehema, macho hayakuumi?"

Yaliniuma. Lakini sikuondoka.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, niko darasa la tano. Tuliishi nyuma ya Naliendele, kijiji ambacho ukiacha barabara kubwa unatembea kati ya mikorosho mpaka unaanza kudhani umepotea, ndipo unafika. Nasema tuliishi, lakini tulikuwa wawili tu, mimi na bibi yangu mzaa mama, Bi Mwanahawa. Mama aliondoka nikiwa darasa la tatu, akaenda kuolewa Newala. Siku anaondoka alinifungua kitambaa cha kichwa, akakifunga upya vizuri zaidi, akasema, "Nitakuja kukuchukua korosho zikiiva." Korosho ziliiva. Zikaiva tena mwaka uliofuata.

Masikio ya Bibi yalikuwa yamechoka. Ukimsemesha alitabasamu, kisha akajibu jambo jingine kabisa. Nikimwambia nimefaulu hesabu, ananiambia maji yako mtungini. Mwanzoni nilicheka, halafu nikachoka, na mwisho tukawa tunaongea kwa mikono: kidole mdomoni ni njaa, kiganja shavuni ni kulala. Nyumba nzima ilikuwa sauti ya kuku na ufagio. Mtoto asiyesemeshwa nyumbani hata shuleni husahau kusema. Wakati wa mapumziko nilikaa pembeni nikichora chini kwa kijiti, na wenzangu wakanipa jina la Bubu. Sikukasirika. Angalau nilikuwa ninaitwa.

Mwaka huo akaletwa Mwalimu Atupele, kutoka Tukuyu, huko kwenye baridi na migomba. Alikuwa msichana mrefu, Mkristo, asiyemjua mtu hata mmoja kijijini. Wiki yake ya kwanza alikula bibo lililoiva, lile tunda la mkorosho, huku amevaa blauzi nyeupe, maji ya tunda yakamchuruzika, na kwa kuwa hakuna aliyemwonya kwamba doa la bibo halitoki, aliendelea kuvaa blauzi ile yenye ramani kifuani mwaka mzima. Jioni nikitoka kisimani nilimwona amekaa kizingitini mwa nyumba ya walimu, peke yake, anachambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa.

Ndiye aliyetuletea neno ujasiriamali. Alituambia tuliandike, likatushinda karibu sote. "Ni kuona kitu ambacho wengine wanakikanyaga," alisema, "wewe ukakiinua." Akatutaka tuanzishe biashara ndogo, ya kweli, kwa kitu kinachopatikana nyumbani, bila kuomba hela kwa wazazi. Ruksa kushirikiana. Kabla hajamaliza kusema, darasa lilikwisha gawanyika. Hawa wakachukua mihogo ya kukaanga, wale kashata za nazi, wengine fagio za makuti. Mimi nilibaki na dawati langu.

Msimu ulikuwa unaishia. Wenye mashamba wakishavuna, watoto huachiwa waokote korosho zilizojificha chini ya majani. Niliokota kila jioni mpaka nikajaza ndoo, na Bibi, nilipomwonyesha, alielewa mara moja. Alinifundisha kuzichoma juu ya bati lililotobolewa. Mafuta ya maganda hushika moto na kuruka, kwa hiyo husimami karibu. Zikishawaka vya kutosha unazimwaga mchangani, unazifunika, unasubiri. Kisha unajipaka majivu mikononi na kuzibangua moja moja, kwa kuzigonga mgongoni polepole ili kiini kitoke bila kupasuka. "Iliyovunjika yetu," Bibi alisema kwa sauti yake ya juu ya mtu asiyejisikia. "Nzima ya watu."

Majivu hayakunikinga sana. Viganja vikawa vyeusi, vikaanza kuchubuka kama ukuta wa chokaa. Sharifa, niliyekuwa nikikaa naye dawati moja, alivitazama asubuhi moja, akachukua daftari lake, akahamia nyuma. Watoto wakasema Bubu ana ugonjwa.

Jumamosi ya kwanza nilikwenda na sinia langu kando ya barabara, pale magari yanayopanda Tandahimba na Newala yanaposimama. Wenzangu wa mihogo walikuwepo, wanakimbilia madirisha, wanapiga kelele kama kuku waliomwona kicheche. Mimi nilikaa kwenye jiwe. Bibi alikuwa na methali aliyoipenda, chema chajiuza, kibaya chajitembeza, nami niliiamini kabisa. Korosho zangu zilikuwa nzima, nyeupe, nzuri. Nikangoja zijiuze. Gari likaja, likaondoka kuelekea Newala. Likaja jingine. Dereva mmoja wa bodaboda aliuliza, "Mdogo wangu, unauza au unalinda?" Nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Akacheka, akaenda kununua mihogo. Jioni nilirudi na sinia lilelile.

Jumatatu Mwalimu Atupele aliniita nyumbani kwake. Nilificha mikono nyuma. Akaivuta mbele, akaitazama pande zote mbili, kisha akachukua mafuta ya nazi na kuanza kuipaka, kidole kimoja baada ya kingine, bila haraka. Ilikuwa muda mrefu mtu hajanishika hivyo. Sikujua nitazame wapi.

"Ukipata hela utafanyia nini, Salima?"

Nilitazama mafuta yaking'aa kwenye vidole vyangu.

"Daftari? Gauni la Idi?"

"Nauli," nikasema.

"Nauli ya kwenda wapi?"

"Newala. Kwa mama."

Mikono yake ilisimama kidogo, halafu ikaendelea. "Na umekaa kwenye jiwe unangoja nini?"

Nikamwambia methali ya Bibi. Alicheka, kicheko cha kwanza nilichowahi kumsikia. "Bibi yako ni mtu mzima na ninamheshimu," alisema, "lakini aliyetunga methali hiyo hakuwahi kuuza kitu kando ya barabara. Twende."

Alinipeleka uwanja wa mpira wa shule. Aliniacha golini, akatembea mpaka goli la pili, akageuka, akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Niuzie!" alipaza sauti. "Nikisikia nitanyoosha mkono."

Niliita. Hata mimi mwenyewe sikujisikia. Niliita tena, jasho likinitoka. Yule mwanamke akabaki amesimama mbali kule, mrefu na mwembamba kama nguzo ya goli, hakunyoosha kitu. Siku ya kwanza iliisha hivyo, na ya pili. Siku ya tatu nilikasirika. Nilikasirikia uwanja, na jua, na Sharifa, na magari yote yanayokwenda Newala bila mimi, nikavuta pumzi na kupiga ukelele: "Korosho! Korosho nzima za Bi Mwanahawa!" Mbuzi waliokuwa wakila majani waliruka. Mwalimu akanyoosha mikono yote miwili.

Jioni ile nilikuwa najizoeza uani, nikiamini niko peke yangu. Bibi akatokea mlangoni na ufagio mkononi.

"Nani ananitangaza?" aliuliza.

Nikaduwaa. "Mimi, Bibi!"

"Kumbe una sauti kubwa hivyo! Na miaka yote hii ulikuwa unaninong'oneza?"

Tulicheka mpaka akakaa chini. Toka siku hiyo tulizungumza kwa kupiga kelele, kijiji kizima kikawa kinajua tunapika nini.

Biashara ilikwenda. Nilijifunza kukunja karatasi za madaftari ya zamani kuwa pakiti ndogo zenye ncha. Nilijifunza kumpa abiria korosho moja aonje kabla hajauliza bei, maana aliyekwisha kutafuna huona haya kukataa. Nilijifunza kwamba biashara haigombi. Anayekutukana leo kesho atanunua akiwa na njaa. Sauti ilinipatia wateja, lakini marafiki haikunipatia. Gari likishaondoka, vumbi likatulia, wenzangu walirudi kwenye kundi lao nami nikarudi kwenye jiwe langu. Nilizoea kuyasindikiza magari kwa macho mpaka yanapopotelea kwenye mikorosho.

Shule ilipofungwa, nauli ilitosha. Mwalimu alikwenda kumwomba Bibi ruhusa. Bibi alinyamaza muda mrefu, nikadhani hakusikia. Kisha akasema, "Mpeleke. Akaone mwenyewe." Mwalimu akajilipia nauli yake, hakutaka hata kulizungumzia. Bibi alinifungia korosho nzima kwenye kanga yake nzuri, ziwe zawadi ya kumpelekea mama.

Newala kulikuwa na ubaridi na ukungu, mambo ambayo nilikuwa sijawahi kuyaona. Mwalimu alifurahi, akasema panafanana na kwao. Tuliuliza njia, tukafika kwenye nyumba ya bati yenye uwanja uliofagiliwa. Mwanamke mzee alikuwa barazani anaanika muhogo. Mama alitoka ndani kabla hatujamaliza kupiga hodi. Alikuwa na mtoto mgongoni.

Alinitazama. Halafu akamtazama yule mama mkwe wake. Nakumbuka mkono wake ulivyokwenda nyuma kumshika mtoto, kana kwamba mtu anataka kumnyang'anya.

"Wageni wa nani, Mwajuma?" mzee aliuliza.

"Ni mdogo wangu, mama," alijibu. "Mdogo wangu kutoka nyumbani, na mwalimu wake."

Nilimwona Mwalimu Atupele anafungua mdomo. Sijui angesema nini. Mimi nilimwahi, kwa ile sauti aliyonifundisha, wazi, isiyotetemeka.

"Shikamoo, dada."

Marahaba ya mama haikufika hata kwenye goli la karibu.

"Karibu, shemeji yetu!" mzee alifurahi. Alikuwa mwema, na hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi. Alinikalisha kwenye mkeka, akaonja korosho, akauliza nani kazibangua bila kuvunja hata moja. Nikasema mimi. Akamwambia mama, "Mdogo wako ana mkono mzuri kuliko wewe." Mama akaniita jikoni nimsaidie kupepeta unga. Mle ndani alinikumbatia kwa nguvu, mtoto mgongoni akalia. Alininong'oneza nimsamehe, akasema mambo yakitulia atakuja. Nilitaka kumwita mama mara moja tu, pale ambapo hapakuwa na mtu. Nikaogopa ukuta ni mwembamba, nikapepeta unga.

Tulikula, tukaaga. Mama alitusindikiza mpaka njia panda, akarudisha nusu ya zile korosho kwenye kanga, akasema, "Za njiani." Hakujua, au alijua, sina hakika, kwamba kurudishiwa zawadi kungeniumiza kuliko yote.

Stendi gari lilichelewa. Mwalimu alikuwa anafuta macho kwa pembe ya kitenge chake, anajifanya ni vumbi, na Newala siku ile hapakuwa na vumbi, palikuwa na matope. Hakuniambia pole. Nilitandika kanga chini, nikapanga korosho, nikasimama katikati ya watu nisiowajua na kuita. Niliita mpaka koo likakwaruza. Watu walinunua, wengine nadhani kwa kunionea huruma, mpaka ikabaki kanga tupu. Nikaikung'uta na kuikunja, tukapanda gari.

Mwaka uliofuata Mwalimu Atupele alihamishiwa kwao. Niliendelea kuuza peke yangu, sare za sekondari nikazinunua kwa korosho. Bibi alifariki nikiwa kidato cha tatu. Mama alikuja kuzika, ameongozana na wanawe wawili. Akawaambia, "Mwamkieni mama mdogo." Wakaniamkia.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba mama alinionea haya. Siku moja, nimempakata Rehema akiwa mchanga, nilipiga hesabu ya umri kwa bahati tu, nikagundua kwamba siku ile Newala mama alikuwa na miaka ishirini na saba, umri uleule niliokuwa nao mimi saa ile. Alinizaa akiwa na kumi na sita. Aliolewa kama mwali ambaye hajawahi kuzaa, na neno langu moja lingemtoa kwenye nyumba ile na mtoto mgongoni. Nilikuwa nimesoma aibu usoni mwake. Ilikuwa hofu. Na Bibi alijua, ndiyo maana alinyamaza. Mwalimu naye, aliyenifundisha kupaza sauti, alifunga mdomo wake, akaliacha neno nililochagua lisimame, na nadhani hilo lilimgharimu kuliko siku zote za uwanjani.

Nimeelewa. Kuelewa hakukuniondolea lolote, ila nimeacha kumlaumu. Wadogo zangu sasa ni watu wazima. Kila Idi hunipigia simu kutoka Newala, mmoja akimnyang'anya mwenzake simu, wananiita mama mdogo, wananieleza habari za mama yao. Nawauliza kama anakula vizuri, kama miguu bado inamsumbua. Nao hunijibu kwa kirefu, kwa upendo, kama mtu anavyomweleza shangazi habari za mtu asiyemhusu sana.