Nilivyogombana na préfet wa Butembo nikidhani ni kiranja

Wakuu, mko poa?

Kuna kisa mke wangu anakisimulia kwenye kila kikao cha ukoo, na kila akikisimulia anaongeza chumvi. Bora mkisikie kwangu. Kilitokea hivi hivi.

Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, fundi wa mashine za kusaga. Mama Neema, mke wangu, ni Mnande. Kazaliwa Butembo, Kivu Kaskazini, huko Congo, akaletwa Tabora akiwa mdogo. Mama yake, aliyebaki huko, alipoanza kuugua tukakubaliana tuhamie huko na watoto. Mashine za kusaga ziko kila mahali, njaa isingetuua.

Tena kule wanaongea Kiswahili. Nikajiambia tabu iko wapi?

Tabu ilikuwa Neema, binti yetu wa kwanza.

Alikuwa ametoka kumaliza darasa la saba, kafaulu vizuri, kachaguliwa form one. Alilia sana kuiacha ile nafasi. Nikamwapia kwamba huko tuendako ataanza form one kama wenzake, harudi nyuma hata kidogo. Hicho kiapo ndicho kilichonitoa akili.

Tukapanga nyumba Vulamba, hapo hapo Butembo. Mama Neema akapitiliza hadi kijijini Alimbongo kumuuguza mama yake, na huko network inakuja ikijisikia. Suala la shule nikaachiwa mimi.

Asubuhi moja nikamchukua Neema, sketi imenyooshwa, tukaenda sekondari moja ya jirani. Mlinzi wa getini akasema, "Papa, bonjour. Kwanza uone préfet."

Nikamwambia sina shida na prefect, namtaka headmaster.

"Eh, papa! Préfet njo mukubwa."

"Njo" yao ni "ndiye" yetu, kwa hiyo nikaelewa ni kiranja mkuu. Nikawaza, nchi hii wanafunzi wamepewa madaraka kweli.

Wakuu, prefect kwetu mnamjua. Ni yule mtoto anayeandika majina ya wapiga kelele halafu jina la rafiki yake analiruka.

Tumekaa kwenye benchi, akatokea mzee wa suti, miwani, mvi zimemjaa. Akauliza, "Papa, unatafuta nani?"

Nikasimama. "Shikamoo mzee. Wameniambia nimsubiri prefect. Lakini kama wewe ni mwalimu nisaidie, siwezi kujadili mambo ya mwanangu na mwanafunzi."

"Préfet njo mimi."

Nikacheka. Nilijua mzee ananitania, na mimi utani naupenda. Nikamwambia, "Mzee wangu, kiranja mwenye mvi? Umerudia madarasa mangapi?"

Neema akanivuta shati kwa nyuma.

Mzee hakucheka. Alivua miwani akaifuta taratibu. "Ingia ku bureau," akasema.

Ndani ya bureau nikaona meza kubwa, bendera, na walimu wanaingia wameinama kidogo. Kumbe kweli ndiye mkuu wa shule! Kule mkuu wa sekondari ndiye anaitwa préfet.

Nikajikausha.

Alimuuliza Neema maswali mawili matatu kwa upole, kisha akanigeukia. "Bon. Mutoto alimaliza primaire. Ataingia septième."

Kifaransa changu kilikuwa kuhesabu tu, nilijifunza kwenye simu. Lakini saba naijua. Nikamwambia, "Mzee, la saba amemaliza. Amefaulu."

"Njo vile. Alimaliza, sasa anaingia septième."

Wakuu, damu ikanichemka. Nikajua huyu ananilipizia ule utani wa kiranja. Kaamua kumrudisha mwanangu la saba ili anikomeshe mimi!

"Papa, sikiya kwanza, huku kwetu..."

Sikusikia kwanza. Nilimshika Neema mkono tukatoka, na mlango niliufunga kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

Njiani akaniuliza, "Baba, kwani nilifeli?"

"Hukufeli. Ila huyu mzee anataka uonekane umefeli."

Nikampigia shemeji yangu Kambale, kaka yake Mama Neema, mnunuzi wa kakao anayeishi Mulekera kule Beni. Nikamweleza nataka form one, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari.

"Beau-frère, iyo njo première," akasema kwa uhakika kabisa. "Mimi mwenyewe nilianzaka na première. Kuja naye Beni, atalala kwangu."

Première, ya kwanza. Inaingia akilini au haiingii?

Tukasubiri siku watu waliposema barabara imetulia kiusalama, tukaenda. Shule tuliyoipata Mulekera ilikuwa mpya, bado inatafuta wanafunzi, na secrétaire wake alikuwa dada mmoja mchangamfu anayeongea mbio.

"Anaingia première?"

"Oui."

"Septième na huitième alisomea Tanzania?"

Kwa mbio zile nilinasa septième na Tanzania tu, nikajua anauliza la saba. "Oui, oui."

"Option gani? Pédagogie, commerciale, chimie-biologie?"

Mtu mwenye akili zake angeshtuka. Tangu lini mtoto wa form one akaulizwa mchepuo? Mimi nikaona hii ndiyo shule sasa, inawahi mambo. Nikachagua chimie-biologie kwa sababu ilikuwa na sauti ya udaktari.

Nikamwacha Neema kwa mjomba wake. Alinipungia mkono bila kutabasamu. Mimi narudi Butembo najiona mshindi, hadi dereva nilimpigia stori.

Simu ya kwanza ikaja. "Baba, darasani kwetu kuna wavulana wana ndevu."

Nikamwambia ndevu hazifanyi mtihani, akomae.

Simu ya pili alikuwa anaongea kwa kunong'ona. "Baba, mwalimu wa kemia kasema tukumbuke aliyofundisha mwaka jana. Wenzangu wanakumbuka. Mimi nakumbuka nini?"

Nikamwambia aazime madaftari.

Simu ya tatu alikuwa analia. "Baba, nimewauliza wenzangu. Huku la saba la primary halipo, primary inaishia la sita. Septième ndiyo form one. Wakitoka hapo wanaenda huitième. Première ndiyo baada ya hapo. Baba, umenipeleka form three."

Nilikuwa nabadilisha mkanda wa mashine ya mteja. Nilikaa chini, juu ya unga wa watu.

Nikampigia Kambale kwa hasira. Akaenda kuuliza watoto wa jirani, akarudi anacheka. "Eh, beau-frère, kumbe balibadilisha! Zamani première ilikuwa njo ya mwanzo. Hapana mutu aliniambia."

Yaani serikali ilibadilisha majina ya madarasa bila kumtaarifu Kambale.

Mama Neema aliporudi kutoka Alimbongo ilibidi niseme yote. Alicheka mpaka akajilaza kitandani. Ghafla akaketi. "Kwa hiyo mwanangu analala mbali na sisi kwa sababu wewe uligombana na mwalimu?"

Kicheko kilikuwa kimeisha, wakuu. Asubuhi yake nilikuwa naelekea Beni.

Nilimkuta Neema kashafunga begi, kakaa juu yake mlangoni. Hakunilaumu. Ndani ya gari alilala begani kwangu njia nzima, amekonda usoni, na niliona aibu kiasi kwamba sikuweza hata kuongea na dereva.

Kazi ikabaki kwa préfet. Masomo yalishaanza, na mlinzi akanitonya kwamba septième imejaa. Na hapakuwa na shule nyingine ya karibu.

Nilisimama mbele ya ile meza kama mwanafunzi aliyechelewa. Hakuniambia nikae. Nikamwomba msamaha kwa mlango, kwa kelele, na kwa lile neno.

"Neno gani?" akauliza.

"Kukuita kiranja."

"Kiranja njo nini?"

Alikuwa hajui! Kisasi nilichokuwa nakihofia muda wote hakikuwahi kuwepo. Nikamweleza kuwa kwetu prefect ni mtoto, anaandika majina ya wapiga kelele na anagonga kengele.

Mzee akatazama suti yake, akatazama kengele iliyoning'inia nje ya dirisha, akacheka mpaka miwani ikamtoka. Akamwita mwenzake wa bureau ya pili: "Kuja usikiye! Ku Tanzania niko mutoto wa kengele!"

Alipotulia akafuta macho. "Bon. Tutaongeza chaise moja ya kukaliya. Mutoto anaingia kesho. Hapana yeye ata-doubler. Papa, wewe njo unastahili ku-doubler."

Nikasema oui. Ku-doubler ni kurudia darasa; safari hii nilielewa nilichokubali.

Ushauri wangu kwa mnaohama na watoto: msifuate namba ya darasa. Ulizeni mtoto wa umri huu anasoma nini, primary inaishia wapi, mkuu wa shule anaitwaje, na mumuulize mtu mwenye mtoto shuleni sasa hivi, siyo aliyesoma enzi zake. Na mtu akikwambia sikiya kwanza, sikiliza.

Juzi nilimsikia Neema anamrekodia rafiki yake wa Tabora voice note. Anacheka, anasema, "Mimi niko form one kama nyie, ila huku wanaiita septième. Kifaransa kigumu lakini nimeshapata marafiki." Nikasimama pale koridoni. Tangu tufike, hakuna mwalimu aliyemwambia mwanangu kwamba anarudi nyuma, wala mwanafunzi. Niliyemwambia ni mimi peke yangu, nikidhani namtetea.

Haya wakuu, mliohamisha watoto Congo, Burundi, Msumbiji au popote, neno gani la shule liliwapiga chenga? Mwageni hapa. Mama Neema naye anasoma comments, na ameshaniambia yuko upande wenu.