Barafu za Ukwaju Maabarani

Juzi, nikisubiri fomu ya mpwa wangu katika chuo kimoja cha udaktari hapa kisiwani, nilimwona mkuu akimbembeleza mama mmoja, mtafiti wa seli, aje kufundisha. Akamsifia ofisi, akamsifia bahari dirishani. Mama yule alitaka kuona friji ya maabara tu. Kuifungua, imejaa barafu za ukwaju! Mkuu akajifuta jasho.

"Za nani?" mtafiti akauliza.

"Zangu, daktari," karani wa maabara akanong'ona.

"Zimewahi kuyeyuka?"

"Wallahi hata moja! Umeme ukipotea, fundi halali kwa simu zangu."

Mtafiti akaomba kalamu. "Natia sahihi. Seli zangu zitakaa friji ya pembeni, kwenye waya huu huu wa umeme. Zikikaa bila barafu hizi, umeme ukipotea nani atapiga kelele?"

Bahari ilisifiwa nusu saa nzima. Mwalimu kapatikana kwa ukwaju.