Maungio Hayakuwa ya Mtu

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu alinikabidhi kibao chenye mpini, akanipandisha juu ya nyumba kongwe ya Mji Mkongwe. Tulikuwa wanane, wanawake kwa wanaume, tumejipanga mstari mmoja. Kazi ilikuwa kuponda dari ya chokaa, lile paa bapa la juu ya nyumba: zege la chokaa, udongo mwekundu na kokoto hupigwa siku kadhaa, kwa wimbo, mpaka likaze maji yasipenye. Wimbo ndio uliotufanya tusogee pamoja.

"Usishindane na mwenzio," Fundi Mkuu aliniambia. "Msikilize."

Nilifanya hivyo miaka mingi, na bila kujisifu sana, mkono wangu ulikuwa mzuri. Fundi Mkuu alipostaafu, akaja Msimamizi, kijana msomi, mpole, mwenye haraka. Akaigawa dari mpya kwa kamba, kila mtu na ukanda wake. Ubaoni, penye ngazi, akaandika majina kwa kufuatana: aliyetangulia juu, aliyechelewa chini. Wa mwisho angeachishwa kazi Alhamisi.

Jina langu likakaa juu. Nilifurahi, nisiwadanganye. Wimbo ukafa siku ya pili, maana kila mtu alikuwa na kasi yake. Bi Asha, aliyenifundisha kushika kibao, akawa wa mwisho, kwani kila mara aliacha katikati ya ukanda wake akaenda kuponda maungio, pale zege lake lilipokutana na la jirani.

"Bi Asha, hayo hayahisabiwi," nikamwambia.

"Nnajua, mwanangu. Maji nayo yanajua."

Alhamisi jina lake likakatwa. Akajifunga kanga, akashuka, nami nikaendelea kuponda ukanda wangu. Hilo linaniuma hadi leo.

Mvua ya kwanza, dari ikavuja. Msimamizi akaniita chumba cha chini, tukatazama juu. Maji yalifuata mipaka ya kamba, mmoja baada ya mwingine, pamoja na pande zote mbili za ukanda wangu. Maungio mawili tu yalikuwa makavu, ya Bi Asha.

"Mbona hukunambia?" akauliza.

"Jina langu lilikuwa juu."

Kesho yake tulikwenda wote wawili Ng'ambo, nyumbani kwa Bi Asha, kumwomba radhi.

"Ntarudi," akasema Bi Asha. "Ila ule ubao ushusheni kwanza."

Tukaushusha, tukabomoa palipovuja, tukaponda upya kwa wimbo, yeye akiongoza.

Sasa nimestaafu. Wanafunzi wa chuo cha Tunguu huja kuniuliza nani alikuwa fundi bora zama zetu. Nami huwapandisha juu ya dari ile, nikawataka wanioneshe ukanda wangu. Huinama, wakapapasa kwa vidole, wasiuone. Hapo ndipo ninapojivunia kazi yangu.