Aliyevuka Ukingo Wima

"Ule ukingo wa korongoni mimi nauvuka wima, mikono mfukoni, huku napiga mluzi," alisema siku moja kwenye kiti cha kinyozi, na kinyozi akazima mashine asije akakosa neno. Kufikia jioni mji mzima ulikuwa unamwita Wima. Jina likamkaa kuliko shati.

Kazi yake ilikuwa kuwapitisha watu kwenye korongo la jangwani: siku mbili za kupanda na kushuka kati ya kuta za mawe ya mchanga, mekundu kama tofali lililoiva, mahali ambapo njia zinafanana kama mapacha na tisa kati ya kumi zinaishia ukutani. Ya kumi aliijua yeye. Aliujua pia ufa unaodondosha maji, chupa moja kwa nusu saa. Hayo hakufundishwa na mtu. Aliyapata kwa miaka mitatu ya kupotea, na ndiyo yaliyowasomesha binti zake wawili.

Ili asiibiwe njia, alikuwa na utaratibu wake. Akitangulia, alipanga vijiwe vitatu vitatu kwenye kila njia panda, wageni wanaokokota miguu wasipotee. Mtu wa nyuma kabisa alivibomoa kwa teke wote wakishapita. Huyo wa nyuma alikuwa shemeji yake, kaka wa mkewe, mwenye duka la fotokopi. Kazi ya kufuta nyayo zako humpi mtu baki.

Na ule ukingo? Upana wake ni wa ubao wa kabati, na chini yake hakuna chini. Kila safari Wima aliwaacha wageni nyuma ya mwamba, akatangulia "kufunga kamba." Huko alikowaacha hawakuona kwamba alikaa, akafumba jicho moja, akajivuta kwa makalio kama mtoto aliyekataa kutambaa. Shemeji peke yake ndiye aliyewahi kuona, ile wiki walipoijaribu njia wawili kabla ya mgeni wa kwanza. Hakucheka. "Hili limeishia hapa hapa, shem," alisema, akamkung'uta vumbi la suruali.

Mwaka huu wageni wakaadimika. Wima akadhani labda maji yamekauka na habari zimevuma, akaingia korongoni peke yake kuhakikisha. Kwenye ufa akamkuta mwalimu mstaafu na mkewe wameketi wanakinga chupa, wametulia kama wako barazani.

"Karibu maji, kijana," mama akasema.

"Nani amewaleta?"

"Tumejileta," mwalimu akajibu, akamnyooshea ramani.

Njia panda zake zote zilikuwamo. Maji yalichorewa tone la buluu. Na pale penye ukingo, kwa herufi ndogo: *Usivuke wima. Kaa chini, jivute kwa makalio. Hata kiongozi wa njia hufanya hivyo.*

"Hayo maneno yameniokoa," mama akasema. "Huyo kiongozi ana akili."

Njia angeweza kuisamehe. Njia ni mali, na mali huibwa. Makalio yalikuwa siri.

Kesho yake aliingia dukani na vumbi lake lote. Shemeji alikuwa anachapa, mashine inanguruma.

"Umechoka, shem. Kaa."

"Sikai. Vile vijiwe ulikuwa unavibomoa au unavihesabu?"

"Vyote viwili."

"Dada yako anajua?"

Shemeji akapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangwa. "Ndiye aliyenisahihishia herufi."

Wima akashika kaunta. Juzi tu mkewe alimfungia mkate wa safari na kumwambia, rudi salama baba.

"Na makalio, shem? Makalio yangu yalikukosea nini?"

"Watu walianza kujaribu kuvuka wima. Kwa maneno yako. Ulitaka niandike nini?"

Wima alitafuta tusi. Kila alilolipata lilipitia kwa mama wa watoto wake, akalimeza.

Akaingia mteja mwenye mkoba mgongoni. Alimtambua Wima, akaitupia jicho suruali yake kwa nyuma, akageukia kaunta haraka na kuuliza bei ya ramani.

"Ya karatasi elfu mbili," shemeji akasema. "Ya plastiki elfu tatu."