Kisima Chini ya Jiko

Humphrey Mwasubila alikuja Newala akitokea Rungwe, ambako mvua hunyesha karibu mwaka mzima na mtu akimwaga maji hageuki kuyatazama. Alikuwa afisa ugani kijana, amepewa pikipiki ya kazi na nyumba kwenye kota za watumishi. Mara ya kwanza kuoga pale alioga kama anavyooga kwao. Jirani yake Awadhi, karani wa masjala, alisimama uwani akayatazama maji ya sabuni yakizama kwenye mchanga mwekundu.

"Ndugu yangu," alisema Awadhi, "hapa tunaoga kwa kikombe. Hayo uliyoyamwaga, mke wangu angepikia, angeoshea vyombo, na yaliyobaki angewanywesha kuku. Kisha kuku wangekushukuru."

Newala iko ukingoni mwa uwanda wa juu. Asubuhi isiyo na ukungu, bonde la Ruvuma huonekana chini kabisa, na mto wenyewe uking'aa kama bati jipya. Huku juu, bomba likifunguliwa hutoa upepo. Kwa hiyo watu wa hapa huchimba visima vya mvua: shimo kubwa lililojengwa kwa matofali na kupigwa plasta ya saruji, likafunikwa kwa zege lililoachiwa tundu la kuchotea lenye mfuniko, na mfereji wa bati ukaletwa kutoka kwenye paa. Mvua hulijaza, kiangazi hulimaliza.

Humphrey alipomwoa Severina, binti wa mkulima wa Chidya, alichimba kisima chake nyuma ya nyumba. Masharti ya kota yalikataza mpangaji kuchimba chochote. Msimamizi wa kota wa wakati ule naye alikuwa na kiu, hakusema neno.

Fundi alikuwa Silvano wa Chiungutwa. Saruji ilitosha, nondo hazikutosha. Silvano akaleta mabaki ya baiskeli kutoka kwao, fremu zilizokatika na rimu zilizopinda, akayapanga juu ya mbao kama wavu na kuyamwagia zege.

"Hili litambeba mama na ndoo yake," alisema akinawa mikono. "Usije ukaegesha lori."

Wakacheka. Silvano amekwisha kufa. Kwa muda mrefu, mtu pekee aliyejua kilichomo ndani ya zege lile alikuwa Humphrey.

Severina alipikia kwenye banda la nyasi pembeni ya uwanja, kwenye mafiga, kwa matawi ya mikorosho yaliyokatwa mashambani. Alimlea binti yao Dina humo, mgongoni, kisha sakafuni, kisha akichochea moto mwenyewe. Dina alipoolewa Songea, mama yake alikuwa hawezi tena kulala chali. Alilala ameketi, ameegemea ukuta, akikohoa kikohozi kikavu ambacho majirani walikizoea kama saa ya ukutani. Daktari aliwaeleza wote wawili bila kuzunguka: dawa atampa, lakini hakuna dawa itakayofua dafu ikiwa kila siku anarudi kwenye moshi. Moshi ule ndio utakaomuua.

Ndipo zikaja habari za ukarabati. Wenye nyumba walikuwa wamepata fedha za kuwajengea wapangaji majiko mapya. Kila kota ingepata jiko lililoungana na nyumba, lenye vigae, sinki, dirisha pana, na jiko banifu la matofali lenye dohani ya kuutoa moshi juu ya paa. Lingekaa nyuma, juu ya sakafu ya zege iliyokuwapo uwani; kwa Humphrey, sakafu hiyo ndiyo zege la kisima. Sharti lilikuwa moja. Mpangaji mwenye shimo au kisima upande huo akifukie kwa mchanga na kushindilia kabla ujenzi haujaanza. Asiyefukia atarukwa.

Maana yake ilikuwa Humphrey ajaze mchanga, mkewe apone. Tatizo ni kwamba mvua zilikuwa zimeisha karibuni, wakulima walikuwa wanapulizia mikorosho salfa ya kuua ukungu, na kisima kilikuwa kimejaa hadi mfunikoni.

Msimamizi wa mafundi, Lameck, mtu wa Musoma mwenye sauti ya kuitia ng'ambo ya ziwa, alimshushia lori la mchanga mbele ya nyumba. "Mzee, mwaga maji, jaza mchanga, shindilia. Nikirudi nikute pamekauka."

Awadhi, ambaye hakuwa na kisima na alichota kwa Humphrey kila kiangazi, alikuja na pipa. "Hayo maji utayamwagia wapi? Niambie nikae hapo na mdomo wazi." Majirani wengine nao walijaza walichokuwa nacho. Kila chombo kwenye kota kilijaa, hadi karai la zege la mafundi, na kisima kilikuwa hakijapungua hata kiwiko kimoja.

Majirani walipokwisha kuondoka, Humphrey alichota ndoo moja akaimwaga kwenye mchanga. Severina akatoka bandani.

"Baba Dina, unafanya nini?"

"Namwaga."

"Unamwaga maji?"

Humphrey alikuwa analitazama lile baka jeusi likikauka. Severina akamnyang'anya ndoo.

"Rudishia mfuniko. Zege hili limetubeba miaka yote. Litabeba na jiko."

Hapo ndipo pa kumwambia habari za rimu za baiskeli. Humphrey alifungua mdomo, mkewe akaanza kukohoa, akajishika kwenye ukuta mpaka kikohozi kikapita. Humphrey akarudishia mfuniko. Mchanga wa lori aliusambaza mbele ya nyumba, chini ya maua, na majirani akawaambia kimefukiwa.

Lameck aliporudi aligonga sakafu kwa mpini wa nyundo. Kisima kilichojaa pomoni kilijibu kama ardhi. Akaridhika.

Jiko lilijengwa. Kwenye kona karibu na mlango Humphrey aliomba pasiwekwe vigae, akidai kabati lake la mbao litakaa hapo. Mfuniko wa zamani ukabaki kwenye kona hiyo, na juu yake akaweka pipa la unga. Jiko banifu lilipangwa upande wa pili, tofali juu ya tofali, likakaa juu ya maji.

Kwa muda ilionekana amefanya jambo jema. Severina alipika amesimama, dirisha wazi, moshi ukienda zake juu ya paa. Kikohozi kikapungua, kisha kikawa cha asubuhi tu. Akaanza kulala chali. Humphrey aliamka siku moja akashtushwa na ukimya, akaweka mkono kifuani pa mkewe kuhakikisha anapumua. Alikuwa anapumua vizuri.

Kila siku Severina alisogeza pipa, akachota, akarudisha pipa. Mwanzoni alichota kwa kuinama. Baadaye akahitaji kamba. Kamba ikazidi kurefuka, na sakafu ikabadilika sauti. Humphrey ndiye aliyeisikia kwanza, alipotua mzigo wa kuni mbele ya jiko: mlio mzito, wa ndani, kama wa ngoma iliyofunikwa nguo. Akamwambia mkewe asitwangie humo. Kisha akamwambia wageni wapokelewe barazani.

"Mama Dina siku hizi ana jiko la kifalme," walisema wanawake wa kota. "Sisi tunaishia mlangoni, tusije tukachafua vigae."

Humphrey alikuwa na mpango. Maji yakiisha, atajaza mchanga kupitia mfunikoni, taratibu, ndoo kwa ndoo, na hakuna atakayejua. Korosho zilipoanza kuanguka, maji yaliisha. Siku hiyo Severina alikwenda sokoni. Humphrey alisogeza pipa, akalala kifudifudi, akaingiza kichwa na tochi.

Chini kulikuwa na tope kidogo. Juu, upande wa jiko banifu, bonge la zege lilikuwa limedondoka. Mahali lilipotoka palining'inia rimu ya baiskeli, nyekundu kwa kutu, imebonyea kuelekea chini. Nyufa zilitoka hapo kwenda pande zote. Akaelewa na jambo jingine ambalo hakuwa amelifikiria. Mchanga ukimwagwa kutoka kwenye kona hii utafanya kichuguu hapa hapa. Ili ufike chini ya jiko, lazima mtu aingie na koleo, ausukume hadi kule, na kufanya kazi kichwa chake kikiwa chini ya ile rimu.

Alirudishia mfuniko, akarudisha pipa la unga, polepole kuliko siku zote.

Kabla hajapata la kufanya, ikaja siku ya kukabidhi majiko. Wenye nyumba walituma mgeni rasmi, wakapanga viti na turubai, na nyumba iliyochaguliwa kuonyeshwa ikawa ya Mwasubila, kwa kuwa jiko la Mama Dina ndilo safi kuliko yote. Utepe ulifungwa mlangoni pa jiko. Severina alivaa kitenge kipya. Hotuba zilipokwisha, mgeni rasmi akanyanyuka na mkasi, na nyuma yake wakanyanyuka wenzake, mafundi, wapiga picha na wanawake wa kota ambao hatimaye walikuwa wanakwenda kuingia.

Humphrey alikuwa amesimama mlangoni. Hakusogea.

"Samahani, mheshimiwa. Humu hamuingii."

Watu wakacheka. "Kwani umepika nini humo, mzee?" aliuliza mgeni.

"Bwana ugani anaogopa tutamaliza mboga!" alisema Awadhi, na kicheko kikaongezeka.

"Chini ni patupu," alisema Humphrey. "Sikufukia."

Lameck ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha kucheka. Aliingia peke yake, akikanyaga kandokando ya ukuta, akasogeza pipa, akafunua. Alimulika kwa simu. Alipoinua kichwa alikuwa na vumbi la kutu kwenye paji la uso, na safari hii hakupaza sauti.

"Rudini nyuma. Wote."

Utepe ulifunguliwa, ukaenda kufungwa kwa Awadhi.

Jioni hiyo Severina alikaa barazani bado amevaa kitenge chake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mimi nikichota humo kila siku, wewe unajua."

"Ulikuwa unalala, Mama Dina. Ulikuwa unalala chali."

Severina alikwenda kwenye banda la nyasi, akaanza kufagia majivu ya zamani.

Ofisi ya nyumba ilitia kufuli mlangoni pa jiko. Humphrey aliambiwa akistaafu ahame bila kusubiri kukumbushwa. Kuhusu kisima, kulivunja zege kutoka juu kulimaanisha kubomoa jiko, na fedha za jiko jingine hazikuwapo. Lameck aliombwa atafute mtu wa kushuka na koleo.

"Mzee wangu, shikamoo yako iko pale pale," alimwambia Humphrey, "lakini mimi nina watoto. Humo aingie mwenye kisima."

Humphrey alijaribu. Alitia miguu, akafika kiunoni, kijiwe kikadondoka upande wa pili na kulia kwenye tope. Akatoka. Hajajaribu tena.

Kisha mvua zikaja. Banda lilivuja, kuni zikalowa, na kuni mbichi hutoa moshi ambao hata mbwa huukimbia. Kikohozi kilirudi, na safari hii kilikuja na damu kidogo kwenye kitambaa. Severina akarudi kulala ameketi. Asubuhi moja Humphrey akiwa anavaa buti za shambani alisikia chuma kikigongwa. Alipozunguka nyuma alikuta kufuli liko chini, mchi umeegemezwa ukutani, na mkewe yuko ndani anasonga ugali, taratibu, bila kuegemeza uzito kwenye mwiko.

"Toka humo, Mama Dina."

"Moshi naujua. Daktari alituambia wote utanifanya nini. Sakafu siijui."

"Mimi naijua."

"Basi kaa hapo mlangoni uijue."

Tangu siku ile ndivyo wanavyoishi. Severina hupika asubuhi na jioni. Kabla hajaingia, Humphrey humfunga kiunoni ile kamba ya kisima, huipitisha kwenye nguzo ya baraza, hukaa kwenye kizingiti na kuishika.

"Bwana ugani," Awadhi alisema alipoliona jambo hilo mara ya kwanza, "mke anafungwa kama mbuzi?"

"Mbuzi ndiye anayepika?" Severina alijibu kutoka ndani. "Kaa hapo nje, Awadhi, utaletewa. Na usiruke-ruke."

Awadhi alikaa. Tangu hapo hafanyi mzaha akiwa upande ule wa nyumba.

Mfereji wa bati haukuondolewa na mtu yeyote. Kila mvua inaponyesha, maji hushuka kutoka kwenye paa na kuingia chini ya jiko, na Severina huyasikia akikaanga vitunguu. Humphrey anasema kisima kikijaa sakafu itakuwa ngumu tena. Lameck anasema maji ndiyo yaliyokula chuma. Hakuna anayetaka kuingiza kichwa kuangalia.

Mvua ikizidi, Humphrey huizungusha kamba mkononi mara ya pili.