Kura Yangu Ilimnyima Shemeji Kikombe

Mhariri, jina langu unalijua wewe peke yako, na ninakuomba libaki hapo kwako. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, seremala hapa Moshi mjini, nina mke na mtoto mmoja wa kike. Nasema nina mke, lakini leo mke wangu yuko kwao Kirua Vunjo, na mtoto amemchukua.

Ngumi nilijifunza nilipokuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita. Niliporudi, mimi na wenzangu tulianzisha klabu hapa mjini, tukawa tunafanya mazoezi jioni kwenye ghala la kahawa. Mdogo wake mke wangu, ambaye nitamwita Elia, nilimfundisha mwenyewe tangu hajui hata kukunja ngumi. Baba yake, yaani baba mkwe wangu, hakutaka kabisa. Ni mzee wa kanisa, na alisema ngumi ni kazi ya walevi. Kwa muda mrefu baba na mwana walikuwa wakisalimiana tu, basi.

Mwaka huu yalifanyika mashindano ya klabu hapa Moshi. Elia alipigana vizuri mpaka akafika pambano la mwisho, dhidi ya kijana wa klabu ya Himo. Siku hiyo mmoja wa waamuzi watatu alikuwa hoi kwa homa, wakanitafuta mimi nishike nafasi yake. Nilikataa. Niliwaambia wazi kwamba Elia ni shemeji yangu. Mwalimu wa Himo ndiye aliyesema nikae, ananijua tangu jeshini, na yeye hana shaka nami. Watu wa klabu yangu walifurahi sana. Sasa najua walifurahia nini.

Baba mkwe alikuja. Ndiyo, yule mzee alishuka kutoka mlimani na koti lake la kanisani, akaketi mstari wa mbele karibu na mke wangu. Raundi ya kwanza Elia alimpiga yule kijana konde moja la kulia likamwangusha chini, ukumbi mzima ukasimama. Konde hilo ndilo wanalolikumbuka wote. Lakini kijana aliinuka. Raundi ya pili na ya tatu ni yeye aliyekuwa anapiga, Elia anarudi nyuma, anamkumbatia mwenzake ili apumzike, mikono imeshuka. Kengele ilipolia, mwamuzi mmoja alimpa Elia, mwingine akampa Himo. Ikabaki karatasi yangu. Niliandika nilichokiona.

Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipomkabidhi kijana wa Himo kikombe, watu walizomea. Kijana yule hakuwa na wa kumpigia makofi ila mwalimu wake. Nilipogeuka nikamwona baba mkwe amepanda hadi ulingoni, amemshika mwanawe mabegani, anamwambia, "Mwanangu, umeonewa." Elia akalia kifuani kwa baba yake.

Nyumbani mke wangu hakunigombeza. Alinipakulia chakula, akanitazama ninavyokula, kisha akasema hajui atawatazamaje watu wa kwao. Asubuhi akapanda na mtoto lori la Himo, linalopita njia ya kwao. Baadaye baba mkwe alituma mtu aniambie kwamba mlango haujafungwa. Niende Jumapili baada ya ibada na jani la isale, kama tufanyavyo sisi huku mlimani tunapoomba msamaha, niseme mbele ya wazee kwamba nilikosea, nimchukue mke wangu.

Nilikwenda kwanza kumwona mke wangu peke yake. Alikuwa anakata majani ya ng'ombe kihambani, kwenye shamba la nyumbani kwao. Nilimweleza pambano zima, raundi kwa raundi. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba Ndee, sikuombi umpe kikombe. Nakuomba useme tu ulikosea, nirudi nyumbani."

Ningekuwa nimeamua, ndugu zangu, kama si kilichotokea juzi. Elia alikuja karakanani kwangu mchana. Alikaa juu ya mbao, nami nikaendelea kupiga randa. Mwishowe akasema, "Shemeji, mimi nilishindwa. Raundi ya tatu nilikuwa sioni hata ngumi zake zinatoka wapi."

Nikamwambia basi akaseme hivyo kwa baba yake, mambo yaishe. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba tangu siku ile mzee anakula naye meza moja, anamsimulia mambo ya ujana wake, na akienda kukagua kahawa anamwita watembee pamoja. "Akijua hakuna aliyenionea," akasema, "tutarudi kulekule. Usimwambie." Nami nikamwahidi. Nilimwahidi kabla sijafikiri.

Tangu hapo situlii. Nimeharibu mlango wa mteja kwa kuupiga randa mpaka ukawa mwembamba kama sahani. Lori la Himo likiingia sokoni naacha kazi naenda kutazama nani anashuka. Klabuni sifiki tena, maana wananiita mwamuzi wa Himo. Na mwalimu wa Himo aliniamini mbele ya watu. Nikisema nilikosea, nimemwambia yule kijana wake kwamba kikombe alikiiba. Mke wangu nampenda. Mtoto, nimeambiwa, ananiulizia kila akisikia lori.

Mama yangu ananiambia nibebe isale tu, maneno hayavunji mfupa. Rafiki yangu mmoja anasema nimtaje Elia, mtu mzima ajibebee lake. Wote wawili nawasikiliza, na nikiachwa peke yangu sipati la kushika.

Jumapili ni kesho kutwa, najua gazeti halitanifikia kabla yake. Nitatuma mtu akaseme naumwa, nipate wiki nyingine. Wasomaji wenzangu, wenye ndoa na wenye wakwe, niandikieni. Wazee wataniuliza jambo moja tu, mke wangu na Elia wakiwa wameketi palepale: ulikosea, au hukukosea? Nijibu nini?