Maji ya Miguu ya Shangazi

Naandika polepole, na kisa hiki kinanichosha mkono kuliko vingine.

Shangazi yangu anauza mitumba hapa Malaba. Ana ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ule madaktari wanauita multiple sclerosis. Miguu yake ina ganzi, lakini alikuwa akinishika bega mpaka tunafika kibandani. Hapo kwa wateja ndipo anapocheka.

Mimi ndiye humwosha miguu asubuhi. Aliniambia nitumie maji baridi. Nikadhani anahurumia makaa. Kwetu Moding mguu mgonjwa hukandwa kwa maji moto, basi nikachemsha kimya kimya, nikailoweka miguu yake mpaka magotini. Hakuhisi kitu. Nami nikajiona daktari.

Miguu ikaanza kulegea, tukawa tunamsukuma kwa mkokoteni. Nikaongeza makaa.

Jana alimwachia kibanda jirani yetu wa sokoni, Mama Amoit. "Ugonjwa umenishinda, dada," alimwambia. Mama Amoit akaanza kupanga viatu vyake kando ya nguo zetu, bila kututazama.

Mimi si msemaji, lakini nilitaka kumtia moyo.

"Shangazi, usitoke. Kesho nitachemsha maji yawe moto kushinda ya leo."

Mama Amoit aliacha viatu.

"Maji gani?" Shangazi aliuliza.

"Ya miguu."

"Nesi alisema joto ndilo linalonimaliza nguvu. Si nilikuambia baridi?" Sauti yake ilikuwa ndogo. "Umechemsha tangu lini?"

Wateja wote walikuwa wamegeuka kunitazama.

"Tangu kabla ya mkokoteni," nilisema.